Taa za Makopo, na Mtu Aliyetuuza

Bwera, Jumamosi mchana

Mbambu, mwanangu,

Nguo zako bado zimeanikwa, na baba yako yuko nyuma ya nyumba anafunga sanduku lako kwa kamba ya katani, akivuta kwa meno pale mkono unapomshinda. Kesho alfajiri lori la Mzee Abdu litakupeleka Kasese, upande gari moshi na wale vijana wa bendi utakaowawashia taa, na mbele ya kelele zao sitapata nafasi ya kusema hata neno moja la maana. Kwa hiyo nakuandikia. Habari za kula, kulala na kujiangalia mjini utaambiwa na shangazi yako, maana yeye anapenda kuagiza. Mimi nitakueleza jambo moja tu. Huko uendako utakutana na watu wa kwetu, nao watakusimulia kwa namna yao. Watasema mama yako ni mwanamke aliyetaka kuua mtu kwa taa. Nataka ulisikie kwangu kwanza, halafu wao waseme wapendavyo.

Ni kweli nilitaka.

Unajua nilivuka mto Lubiriha kutoka Kongo nikiwa msichana, kwetu Butembo kulipochafuka. Dada yangu Kahindo aliolewa Kasindi, akabaki ng'ambo. Mimi nikaolewa na baba yako huku. Sikuja na kitu isipokuwa kazi ya babu yako, ambaye alitunza taa za misioni. Alinifundisha kukata utambi, kuzibua karabai, kuunga waya bila kujichoma. Siku za soko nilikaa na bisibisi yangu karibu na wauza samaki, watu wakaniletea karabai zinazopumua vibaya kama wazee wenye pumu.

Baba yako alilima mchana na kupiga gitaa jioni. Nyimbo zote zilikuwa zake. Mwimbaji alikuwa Masereka. Huyo Masereka hukumwona kwa karibu, maana nilikuwa nakupeleka kwa bibi yako kila bendi ilipotoka, lakini ungemwona ungempenda, kama tulivyompenda sote. Alikuwa na sauti ya kulainisha ugali, na viatu vyeupe, na amplifaya aliyoinunua kwa mchimba shaba mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Amplifaya ilikuwa yake, kwa hiyo bendi nayo aliiita yake. Baba yako hakujali. Baba yako hajawahi kujali jina liko juu ya nini.

Walikuwa wanapiga chini ya karabai moja iliyoning'inizwa juu ya vichwa vyao. Karabai ni taa nzuri ya kuuzia nyama. Kwa mwimbaji ni adui. Inamchimbia mashimo ya macho kama maiti, inamletea nondo mdomoni, na waliokaa mbele hawaoni kitu ila mwanga wenyewe. Waliokaa nyuma hawakuona mtu kabisa. Wakachoka, wakaenda zao kabla ngoma haijakolea, na wenye baa wakasema bendi ya Bwera haina mvuto. Mimi nilikuwa nimekaa pale na wanawake wengine, nikamwona mume wangu anapiga gitaa kama malaika na hakuna anayemtazama, nikakasirika. Taa zangu zote zimetoka kwenye hasira, mwanangu. Usiamini mtu akikuambia hasira haizai.

Mzee Abdu ndiye aliyenipa za kwanza. Wakati ule malori yake yalikuwa yakipita Kikorongo na chumvi ya Kabatoro, na pale njia panda kulikuwa na mizoga ya magari yaliyoanguka. Nikamwomba macho ya magari yale, taa zake za mbele.

"Mama Mbambu, unataka macho ya lori ufanyie nini? Unataka kuendesha nyumba?"

"Nataka kuendesha bendi, Mzee."

Akacheka, akaniletea mawili kwenye gunia, na betri kuukuu ambayo alikubali kuichaji kwenye lori lake bila kunidai kitu. Muislamu yule amenitendea mema kuliko watu niliopiga nao magoti kanisani. Uwe na adabu naye kesho.

Nilichukua makopo makubwa ya mafuta ya kupikia, nikayapaka masizi kwa nje na kuyaacha yang'ae kwa ndani, nikaingiza jicho la lori ndani ya kila kopo. Nikafunga moja kwenye uma wa baiskeli iliyovunjika, nalo likageuka kulia na kushoto, juu na chini, kama shingo. Rangi zilinisumbua. Mara ya kwanza nilitumia karatasi za peremende, zikayeyuka na kunuka mpaka watu wakadhani tunachoma mtu. Baadaye nikajua kuiweka karatasi mbali na moto, kwenye duara la waya. Nyekundu iliwapendeza wote. Ya samawati niliiweka upande wa baba yako, kwa sababu nilitaka.

Lakini nilitaka pia taa ife polepole, kama jua linavyokufa, isikatike ghafla kama mtu aliyepigwa kofi. Hilo nalo babu yako alinifundisha, alilifanya misioni siku za Noeli kwenye pango la Mtoto Yesu. Unachukua ndoo ya udongo, unaweka maji na chumvi, unatumbukiza vipande viwili vya bati, waya mmoja huku na mwingine kule. Bati likizama, taa inawaka. Ukilinyanyua kidogo kidogo, taa inafifia. Maji yanatoa vipovu na harufu ya kuwasha pua, lakini taa inakusikiliza kama mtoto. Chumvi ya Kabatoro inafanya kazi hiyo vizuri kuliko zote. Wewe umeikoroga mara nyingi, unajua.

Jioni ya kwanza tulipigia Kikorongo, uwanjani nyuma ya hoteli ya wasafiri wa mabasi. Madereva walikuwa wanakula. Nilizamisha bati polepole. Masereka akatoka gizani akiwa mwekundu, kisha baba yako akatoka upande wake akiwa wa samawati, na dereva mmoja akasimama na kipande cha muhogo mkononi, akasahau kukitia mdomoni. Basi la kwenda Mbarara lilichelewa kuondoka kwa sababu abiria walikataa kupanda. Kuanzia hapo tuliitwa kila mahali. Katwe walituita, Mubuku walituita wakati wa mavuno ya mpunga, na wachimba shaba walituita kila mwisho wa mwezi. Na watu, badala ya kusema "tunakwenda kwa bendi ya Masereka," wakawa wanasema, "tunakwenda kwa taa za Katungu."

Nililisikia hilo na nikalipenda. Yeye pia alilisikia.

Sasa nakuja kwenye kosa langu. Nitalitaja mara moja na usiniulize tena. Nilikuwa na desturi, tukipigia huku kwetu Bwera kwenye kile kilima juu ya forodha, ya kugeuza jicho la uma wa baiskeli kuelekea ng'ambo kabla ya ngoma kuanza. Niliangaza Kasindi, nikalifumba kwa kiganja na kulifumbua. Ilikuwa salamu kwa dada yangu. Na Kahindo, akiwa amekaa mlangoni kwake, aliinua karabai yake juu na kuishusha. Basi. Hatukuwa na njia nyingine ya kuonana siku mpaka ulipofungwa. Masereka akaniuliza, "Katungu, unasalimia nani?" nami nikamwambia kila kitu, mpaka jina. Nikamwonyesha na ndoo inavyofanya kazi, kwa sababu aliuliza kwa upole na mimi nilipenda kusifiwa. Nilimfungulia mtu nyumba yangu yote, chumba baada ya chumba, kwa sababu alikuwa na sauti nzuri.

Siku zile askari walikuwa wamejaa mpakani. Kahawa ilikuwa inavushwa kwa magendo, na kila aliyetembea na mzigo alikuwa adui. Afande mmoja mkubwa pale Kasese alitaka bendi ya kudumu kwa ajili ya sherehe zao. Masereka alikuja nyumbani na habari hiyo, amevaa viatu vyake vyeupe, akakaa kwenye kigoda hiki hiki ninachokalia.

"Baluku, tumepata. Watatupa nyumba, watatupa sukari, watatupa petroli."

Baba yako alikuwa anakaza uzi wa gitaa. Akasema, "Mimi siwezi kupigia watu wale. Juzi wamemchukua mwalimu, mpaka leo hajarudi. Nitapiga nini mbele yao?"

"Basi nipe taa. Wewe baki na shamba lako."

"Taa si zangu. Muulize mwenyewe."

Nikamwambia Masereka, "Taa zangu hazilali kambini." Akatabasamu. Akanywa chai yangu mpaka tone la mwisho, akaniaga vizuri, akaniita dada.

Hazikupita siku nyingi askari wakaja. Ilikuwa mchana, nimekaa uani nasafisha vioo. Waliteremka kwenye gari lao, na mkubwa wao hakuangalia huku wala kule. Akaenda moja kwa moja kwenye ndoo.

"Wewe mama! Kuja hapa! Hii taa naongea na nani?"

"Afande, hiyo iko taa ya muziki."

"Muziki gani naangaza mpaka Kongo? Hapa kwa ndoo ndiyo munapunguza, munaongeza, munaandika maneno. Na Kahindo ni nani? Sema! Kahindo wa Kasindi ni nani?"

Mbambu, kulikuwa na mtu mmoja tu chini ya jua, nje ya nyumba hii, aliyejua habari ya ndoo na aliyejua jina la Kahindo. Nilipolisikia jina lile kutoka kwenye mdomo ule, nilimwona Masereka mbele yangu wazi kama vile amesimama katikati ya taa zangu. Nikafungua mdomo niseme taa ni zangu na dada ni wangu. Baba yako alikuwa ametoka shambani, amesimama mlangoni na matope miguuni. Akanitangulia.

"Taa ni zangu, afande. Huyu mwanamke kazi yake kusafisha vioo tu. Hajui kitu."

"Wewe ndiye fundi?"

"Ni mimi."

Wakamchukua, na taa wakazichukua, na makopo, na uma wa baiskeli. Ndoo wakaipiga teke.

Wewe ulikuwa kwa bibi yako. Tulikuambia baba amekwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya Mubuku. Ulilia kwa sababu hakukuaga. Niliuza mbuzi, niliuza cherehani ya mama yangu mkwe, nilikaa nje ya geti la kambi mpaka askari wakazoea kunirushia maganda ya ndizi. Mzee Abdu alizungumza na mtu aliyezungumza na mtu. Mwisho wakamtoa, wakamwacha barabarani kama gunia lililopasuka. Ule mkono wa kushoto, ule uliokuwa unatembea juu ya nyuzi kama buibui, ulikuwa umekuwa kama tangawizi. Walikuwa wamemwuliza huku wakivunja kidole kimoja kimoja. Wewe ulipomwuliza, alikuambia ameangukiwa na gogo. Hakuna gogo. Leo ujue.

Wakati huo Masereka alikuwa anang'aa Kasese. Afande alikuwa amempa taa zangu. Alikuwa akitokea mwekundu, akiimba nyimbo za baba yako, na baba yako yuko hapa anajifunza kufunga kifungo cha shati. Niliambiwa anajiita mvumbuzi wa taa za makopo. Niliambiwa mara moja alimtaja Baluku jukwaani, akasema "rafiki yetu aliyepotea njia," na watu wakapiga makofi.

Baba yako alimsamehe. Si baadaye, la. Alimsamehe kabla hata vidonda havijafunga, ili aweze kulala. Mimi nililala vizuri bila kusamehe. Nilikuwa nalala na kuamka na jina lile mdomoni kama mswaki. Padri alinionya katika kitubio, akaniuliza kama ninajutia chuki yangu. Nikamwambia, "Padri, ninajutia kwamba nilimwonyesha ndoo." Hakunipa komunyo Pasaka ile. Nikarudi nyumbani nikaanza kutengeneza taa nyingine.

Hizo ndizo ulizokua nazo. Ulidhani nakufundisha kazi ili upate riziki, na ni kweli, lakini kila kopo nililopaka masizi nilikuwa nampaka yeye. Sikuwahi kuwasha taa kwenye harusi ya mtu bila kujiuliza: siku nikimpata huyu mbele ya jicho langu, nitaanzia wapi? Nilijifunza mengi kwa njia hiyo. Nilijifunza kwamba taa ya kutoka juu inamzeesha mtu, ya kutoka chini inamfanya shetani, na ya kutoka ubavuni inamfanya awe binadamu. Nilijifunza kwamba bendi maskini yenye taa mbili zilizowekwa kwa akili inaishinda bendi tajiri yenye kumi zilizotupwa ovyo. Vijana wako watataka zote ziwake tangu mwanzo. Wakatalie. Anza na giza, watu wasikie pumzi zao wenyewe, kisha wape uso mmoja. Na usimwonyeshe mtu waya zako zote. Waache wapende mwanga.

Mwaka huu, serikali ilipoanguka na askari wakakimbia, uliona mwenyewe walivyotupa magwanda barabarani na kuomba nguo za wanawake. Watu walitoka majumbani wakaanza kuhesabiana: nani alikuwa akienda kambini jioni, nani alipata sukari. Masereka hakukimbia. Aliamini sauti yake. Alifunga kitambaa cha furaha kichwani, akawa anaimba ukombozi kwenye baa zile zile.

Ndipo Mzee Abdu akaja. Alitaka kufanya sherehe kule Kasese, uwanjani karibu na stesheni, kwa sababu malori yake mawili yaliyochukuliwa na askari yalikuwa yamepatikana. Akasema, "Bendi iliyoko ni moja tu. Unajua ni ya nani. Taa zake zimekufa zamani. Ukikataa nitaelewa."

Nikasema, "Nitakuja."

Baba yako akainua kichwa. "Na mimi nitakuja," akasema. Hakuwa amekwenda kwenye ngoma tangu mkono ule.

Nilijipanga juu ya kreti za soda, nyuma ya watu, na betri mbili mpya, ndoo yangu, na jicho moja kubwa kwenye uma. Masereka aliniona. Alikuja mpaka pale, kanenepa, viatu ni vile vile vyeupe au ndugu zao. Akasema, "Dada Katungu, ya zamani tuyaache. Niwekee nyekundu."

Nikamwekea nyekundu. Nilimpamba, Mbambu. Sijawahi kumpamba mtu vile. Aliimba moja, aliimba mbili, watu wakacheza, vumbi likapanda. Kisha akaanza ule wimbo wa daraja ambao baba yako aliutunga wewe ulipozaliwa, akasema kwenye spika, "Huu niliuandika mwenyewe, wakati wa mateso yangu."

Nikanyanyua bati. Uwanja ukafifia. Watu wakashangilia wakidhani ni mchezo. Nikaondoa karatasi nyekundu, nikageuza uma mpaka kwa baba yako, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la pembeni, mkono wake juu ya goti, nikazamisha bati lote. Mkono ule ukawa mweupe mbele ya watu wote wa Kasese. Ngoma ikanyamaza, kipigo baada ya kipigo. Nikapaza sauti. Sauti yangu si nzuri, lakini siku ile ilifika.

"Mtunzi wa wimbo ndiye huyu! Mumwulize Masereka ni nani alipeleka mukono hii kambini!"

Kisha nikamrudishia taa Masereka. Nyeupe, kutoka chini, kwenye kopo dogo nililokuwa nimelitega miguuni pake.

Alisema, "Ndugu zangu, huyu mwanamke iko na wazimu..." lakini mama mmoja mbele akasimama, akasema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeuliza bei, "Na mwanangu? Ulikunywa chai kwangu siku moja kabla." Mtu mwingine akasema, "Na kaka yangu." Halafu mwingine, na mwingine. Mwanangu, kumbe hatukuwa peke yetu. Chai ile aliinywa katika nyumba nyingi.

Chupa ya kwanza iliporushwa, akaruka chini akakimbia. Uwanja ulikuwa giza, na wanaume waliomfuata walikuwa wakigongana. Bila mimi wasingemwona. Nikageuza uma. Nikampata kwenye meza, nikampata alipopita nyuma ya lori, nikampata kwenye ua wa miiba anaruka na shati limenaswa. Aligeuka akaangalia kwenye taa, akaweka kiganja mbele ya macho. Alikuwa analia. Watu walikuwa na mawe na nondo za chuma. Nilikuwa nimemshika kama unavyomshika kuku kabla ya kisu, nami nilikuwa na furaha, sitakudanganya, furaha kubwa kama ya kuzaa.

Ndipo miguu yangu ikalowa. Baba yako alikuwa amepanda kwenye kreti nyuma yangu, akaisukuma ndoo kwa ule mkono wake. Maji ya chumvi yakamwagika yote, na taa ikafa.

Gizani nilisikia kitambaa kikichanika, kisha watu wakitukana, wakipapasa, wakigonga ua kwa nondo. Masereka alikuwa ameondoka. Kesho yake alionekana amevuka mto.

Tulipofika nyumbani nikamwuliza baba yako, kwa nini.

Akasema, "Mimi walinipiga, hakuna mtu aliona. Yeye alikuwa anakwenda kuuawa na watu wote wanatazama, kama ngoma. Taa haikutengenezwa kwa kazi hiyo."

"Taa niliitengeneza mimi," nikamjibu. "Ninajua ilitengenezwa kwa kazi gani."

Miezi miwili nilimpikia bila kumsemesha. Wewe ulidhani tunagombana juu ya shamba. Sasa tunazungumza, na ninampenda, labda kuliko zamani, lakini kuna mahali moyoni mwangu ambapo ile ndoo bado inamwagika na bado ninamkasirikia. Unaweza kukaa na mtu hivyo. Hilo nalo ujue kabla hujaolewa: mtu mwema anaweza kukunyima kitu ulichokitaka kuliko vyote, na bado ukamtandikia kitanda.

Juma lililopita alipita mama mmoja muuza vitenge kutoka Beni, ng'ambo. Akaniambia amemwona Masereka. Anauza makaa. Haimbi. Anasema lori likiwasha taa ghafla barabarani, anaruka vichakani, na watoto wa pale wameshajua, wanammulika kwa kurunzi ili wacheke. Nilimkaribisha yule mama ndani. Nilimtengenezea chai, nikatoa ile sukari niliyokuwa nimeificha kwa ajili ya safari yako, nikamtilia vijiko vitatu, nikamwambia, "Nisimulie tena."

Usiniige, Mbambu, wala usinihukumu. Sijui kama ningekuwa mtu bora leo kama wangemfikia. Sijui pia kama ningejuta. Ninachojua ni kwamba wewe utakuwa umekaa nyuma ya watu, gizani, na mikono yako ndiyo itakayoamua wanamwona nani. Ni madaraka makubwa kuliko ya mwenye spika, na hakuna atakayekuambia. Siku moja atasimama mbele ya taa yako mtu aliyekuumiza. Nimekuambia nilichofanya mimi, na alichofanya baba yako. Damu ya sisi wawili unayo.

Baba yako ameingia sasa hivi, sanduku ameshalifunga. Ameona ninaandika. Ameniuliza, "Umemwambia kwamba nilimsamehe?"

Nimesema nimekuambia.

"Na wewe, umemwandikia kwamba umesamehe?"

Nimemwambia karatasi imekwisha.

Imebaki nusu ukurasa.

Mama yako,
Katungu